Robert Koch: Bingwa wa vijidudu aliyesafisha damu, malale yakabaki ubongoni

Na Mwandishi Wetu

JINA la daktari wa Kijerumani, Robert Koch, hukumbukwa kila mwaka ifikapo Machi 24, Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Siku kama hiyo mwaka 1882 alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini Berlin na kutangaza kwamba amekigundua kijidudu kinachosababisha maradhi hayo.

Kisichosimuliwa mara nyingi ni kwamba mwanasayansi huyo alifanya safari tatu za utafiti katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, na kwamba safari ya mwisho, iliyomfikisha hadi visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria, iliwaacha wagonjwa zaidi ya 20 wakiwa vipofu wa kudumu.

Historia hiyo inawagusa pia wakazi wa Chiwata na vijiji vingine vya Masasi na Newala, juu na kandokando ya uwanda wa Makonde. Ugonjwa uliompeleka Koch visiwani ulikuwa malale, ambayo huenezwa na mbung'o, huanza kama homa ya kawaida na kuishia kuuharibu ubongo. Miaka michache baada ya safari hiyo, malale ya aina iliyo kali zaidi yalibainika katika bonde la mto Ruvuma, kusini mwa uwanda huo.

Swali lililomshinda Koch ndilo lililoendelea kuwasumbua madaktari kwa karne nzima iliyofuata: daktari atajuaje kwamba ubongo wa mgonjwa umepona, iwapo anachokiona ni damu peke yake?

Kutoka nyumba ya mtu wa migodi

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji wa Clausthal, eneo la migodi katika milima ya Harz nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na familia ilikuwa na watoto 13. Inasimuliwa kwamba alijifundisha kusoma kwa kutumia magazeti kabla hajafikisha umri wa kwenda shule.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, nao wakajaliwa binti mmoja. Baada ya kuwahudumia majeruhi katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya mwaka 1870 hadi 1871, alipata kazi ya daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao sasa uko Poland.

Huko hakuwa na maabara, wala profesa wa kumwongoza. Alikuwa na hadubini, panya, vijiti vya kuwachomea panya hao damu yenye ugonjwa, na chumba ambacho sehemu moja kilikuwa cha kuwapokelea wagonjwa na sehemu nyingine cha utafiti. Kwa vifaa hivyo alithibitisha mwaka 1876 kwamba kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiwaua kondoo na ng'ombe wa wakulima wa eneo hilo, husababishwa na kijidudu kinachoweza kujifungia katika mbegu ngumu na kuishi udongoni kwa miaka mingi.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kijidudu mahususi kuthibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa mahususi. Mwaka 1880 serikali ilimwita Berlin. Huko yeye na wasaidizi wake walibuni namna ya kuotesha vijidudu juu ya vitu vigandamizo badala ya mchuzi, ili kila aina iote peke yake na kutambulika. Njia hiyo inatumika hadi leo katika maabara za hospitali.

Kisha likaja tangazo la mwaka 1882. Wakati huo kifua kikuu kilikadiriwa kuua mtu mmoja kati ya kila saba. Mwaka mmoja baadaye Koch alikwenda Misri na India kukifuatilia kipindupindu, na mwaka 1884 akarejea Ujerumani akipokewa kama jemadari aliyetoka vitani.

Dawa iliyotangazwa mapema

Sifa hizo zilimjengea matarajio makubwa, naye akayaingilia kwa pupa. Mwaka 1890 alitangaza katika mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin kuwa amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Dawa hiyo, iliyokuja kuitwa tuberkulini, aliificha siri ya utengenezaji wake kwa miezi kadhaa, huku maelfu ya wagonjwa wakimiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya.

Wagonjwa wengi hawakupona, na baadhi yao walikufa. Aliyelifumbua jambo hilo ni mtaalamu mwingine mashuhuri, Rudolf Virchow, ambaye mwanzoni mwa mwaka 1891 alipasua miili ya waliochomwa sindano hizo na kukuta vidonda vipya vya kifua kikuu ndani ya viungo. Koch alikuwa ameangalia ngozi, homa na dalili za nje. Virchow aliangalia mahali ugonjwa ulipokuwa, akapata jibu tofauti.

Tuberkulini haikutupwa moja kwa moja, kwa kuwa ilikuja kutumika kama kipimo cha kutambua maambukizi. Lakini heshima ya Koch ilitikisika. Mwaka 1893 alitalikiana na mkewe na kumwoa Hedwig Freiberg, msichana mwigizaji aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 25, jambo lililozua maneno mengi mjini. Tangu hapo alipenda zaidi kuwa safarini kuliko kukaa Berlin.

Dar es Salaam, Usambara na Amani

Mwaka 1896 alikwenda Afrika Kusini kutafuta namna ya kuwakinga ng'ombe na sotoka, tauni ya mifugo iliyokuwa imekwisha kuteketeza ng'ombe wa wafugaji wa Afrika Mashariki. Kutoka huko alipelekwa India kuchunguza tauni ya binadamu, na mwaka 1897 akateremka Dar es Salaam, katika koloni lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Katika safari hiyo ya kwanza alichunguza malaria, magonjwa ya ng'ombe, na tauni iliyokuwa Kiziba, karibu na Bukoba. Alipopanda Usambara alisikia kutoka kwa Wasambaa jambo ambalo wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa bado wanalibishania. Wasambaa walieleza kwamba mtu wa mlimani akishuka tambarare huumwa na mbu, kisha hupata homa, na homa yenyewe waliiita kwa jina hilohilo la mbu. Koch aliyaandika maelezo hayo. Ni mwaka huohuo wa 1897 ambapo Ronald Ross, akiwa India, alivikuta vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu.

Safari ya pili ilikuwa mwaka 1905. Safari hiyo alishughulikia homa ya papasi, ambayo ilikuwa ikiwapata wapagazi na wasafiri waliolala katika vibanda vya kambi kwenye njia za misafara. Alionyesha kwamba kijidudu cha homa hiyo hupita kutoka kwa papasi mama hadi katika mayai yake, hivyo kibanda huweza kubaki na sumu hiyo kwa muda mrefu. Katika miaka hiyohiyo watafiti wawili waliokuwa Kongo nao walifikia matokeo yanayofanana na hayo.

Mwaka huo ndio uliozuka Vita vya Maji Maji. Agosti 1905 misheni ya Masasi iliteketezwa kwa moto, na majeshi ya Kijerumani yakajibu kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula kusini mwa koloni. Desemba 1905, Koch alipokea Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yake kuhusu kifua kikuu.

Msiba wa Ziwa Victoria

Wakati Koch akitunukiwa, kaskazini mwa Ziwa Victoria watu walikuwa wakifa kwa wingi usiowahi kuonekana. Malale yalikuwa yametambuliwa Uganda mwaka 1901 na ndugu wawili madaktari wa Hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook. Inakadiriwa kuwa katika miaka michache tu zaidi ya watu 200,000 walipoteza maisha, hasa Busoga na Buganda.

Mgonjwa alianza kwa homa za kuja na kuondoka, maumivu ya kichwa na kuvimba tezi za shingo. Baada ya miezi, au hata miaka, tabia yake ilibadilika. Alikesha usiku na kusinzia mchana, hata akiwa na tonge mkononi. Wengine waligeuka wakali, wakaonekana kama wenye wazimu. Mwisho wake ulikuwa kukonda, kupoteza fahamu na kufa.

Mwishoni mwa mwaka 1902, mjini Entebbe, daktari kijana wa Kiitalia aitwaye Aldo Castellani alifanya jambo ambalo baadaye lingekuwa msingi wa tiba yote ya malale. Alichukua majimaji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, ambayo ndiyo yanayouzunguka ubongo, akayaweka chini ya hadubini na kuona vimelea vidogo vyenye mkia vikipiga mbizi. Mwaka 1903 David Bruce, Mwingereza aliyefika Entebbe kuongoza utafiti huo, alithibitisha kuwa vimelea hivyo, viitwavyo tripanosoma, huletwa na mbung'o.

Wajerumani walihofu kwamba ugonjwa ungevuka mpaka na kuingia Bukoba, Mwanza na Shirati. Walimtuma Koch, aliyekuwa na umri wa miaka 62. Mwaka 1906 alianzia katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, kisha akaenda Mwanza. Kwa kuwa wagonjwa upande wa Wajerumani hawakuwa wengi, aliomba ruhusa kwa Waingereza na kuhamia kisiwa cha Bugala, katika visiwa vya Sese, ambako ugonjwa ulikuwa umepamba moto.

Nusu gramu, kisha gramu nzima

Dawa aliyoichukua iliitwa Atoxyl, mchanganyiko wenye arseniki. Jina hilo lilikusudiwa kumaanisha kitu kisicho na sumu, kwa kuwa ilionekana kuwa na ukali mdogo kuliko arseniki ya kawaida. Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool nchini Uingereza walikuwa wamegundua kwamba inawaponya wanyama waliotiwa tripanosoma.

Koch alianza kwa sindano za nusu gramu. Matokeo ya mwanzo yalistaajabisha. Ndani ya saa chache vimelea vilitoweka katika damu na katika majimaji ya tezi za shingo, ambavyo ndivyo vipimo alivyovitegemea zaidi. Wagonjwa waliokuwa wakibebwa walianza kutembea. Habari zilienea visiwani, na watu wakamiminika kwa mitumbwi hadi idadi ya waliotibiwa ikapita elfu moja. Ripoti alizozituma Berlin zilikuwa na matumaini makubwa.

Lakini baada ya wiki na miezi, vimelea vilirejea. Wagonjwa waliokwisha kufikia hatua ya kusinzia waliendelea kufa. Koch alichukua uamuzi wa kuongeza dozi hadi gramu nzima.

Hapo ndipo maafa yalipotokea. Wagonjwa walianza kulalamika kwamba wanaona ukungu. Awali ilidhaniwa kuwa hali hiyo ingepita. Haikupita. Arseniki ilikuwa imeua mshipa wa fahamu wa macho, na zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka. Ilipobainika kwamba upofu huo hauponi, Koch aliiacha dozi kubwa na kurejea ile ya awali, ambayo tayari ilikwisha kuonekana kuwa haitoshi.

Watu wa visiwani hawakuwa katika nafasi ya kuchagua. Walikuwa wakifa, na mzungu mwenye sindano alikuwa tumaini pekee lililokuwepo. Wanahistoria wa tiba wanaitaja kazi ya Bugala kama mfano wa namna wakoloni walivyowafanyia Waafrika majaribio ambayo yangezua malalamiko makubwa iwapo yangefanywa kwa wagonjwa wa Berlin.

Ubongo ulio nyuma ya ukuta

Sababu ya dawa hiyo kushindwa ilikuwa imekwisha kudokezwa na rafiki wa Koch mwenyewe. Mwaka 1885 Paul Ehrlich alichoma rangi katika damu ya wanyama, akakuta kwamba rangi ilienea katika viungo vyote isipokuwa ubongo. Ilichukua miaka mingi kwa wataalamu kuelewa kwamba kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, mfano wa chujio lenye matundu madogo mno, kinachochagua kipi kipite na kipi kibaki nje.

Kizuizi hicho kipo kwa sababu ubongo ni kiungo kinachodekezwa kuliko vyote. Uzito wake ni takriban asilimia mbili tu ya uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili unapokuwa umepumzika. Hauna ghala kubwa la akiba. Huishi kwa sukari na oksijeni zinazoletwa na damu dakika kwa dakika, na zikikatika kwa muda mfupi tu, mtu huzimia.

Tripanosoma nazo, zinapokuwa katika damu ya binadamu, huishi kwa kuunguza sukari hiyohiyo. Zikifanikiwa kupenya kizuizi, hujificha mahali ambapo dawa nyingi hazifiki. Mwili unapopambana nazo huko, ubongo huvimba, na sehemu zinazoongoza saa ya mwili, yaani zinazompangia mtu wakati wa kulala na wa kuamka, huvurugika.

Kwa hiyo damu ya mgonjwa wa Bugala iliweza kuwa safi asubuhi, huku vimelea vikiwa salama nyuma ya ukuta, vikingoja. Kipimo cha damu kilisema kweli kuhusu damu, ila hakikuwa na habari ya ubongo. Na kuongeza dozi hakukuufungua ukuta. Kulizidisha tu sumu kwa viungo vilivyokuwa upande wa nje.

Kilichobaki kuwa cha kushangaza ni kwamba njia ya kuchungulia upande wa pili ilikuwepo. Kuchukua majimaji ya uti wa mgongo kwa sindano kulianza Ujerumani kwenyewe mwaka 1891, na Castellani alikuwa amekufanya Entebbe, ng'ambo tu ya maji kutoka Sese, miaka minne kabla ya Koch kufika.

Makambi na mamba

Koch aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1907. Aliacha mapendekezo kwamba wagonjwa watengwe katika makambi, vichaka vya kando ya ziwa vifyekwe, na mamba pamoja na mayai yao waangamizwe, kwa kuwa alikuta mbung'o wa ziwani wakinyonya damu ya mamba.

Serikali ya Kijerumani ilifungua makambi, yakiwemo ya Kigarama upande wa Bukoba na Shirati upande wa Mara. Mwanzoni watu walikwenda kwa hiari wakitafuta nafuu. Walipoona wenzao wakifa au kupoteza macho, wengi walitoroka, na wengine wakawaficha ndugu zao wagonjwa wasipelekwe. Waingereza kwa upande wao walilichagua jambo gumu zaidi: waliwahamisha watu kutoka ukanda wa ziwa, na kufikia mwaka 1909 visiwa vya Sese vilikuwa vimeachwa bila wakazi.

Msaidizi wa Koch, Friedrich Karl Kleine, ndiye aliyebaki kuendeleza kazi. Mwaka 1909 alithibitisha kwamba tripanosoma hukua na kubadilika ndani ya mbung'o kwa siku kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza.

Koch mwenyewe alifanya ziara ya Marekani na Japani mwaka 1908, ambako alipokewa kwa shangwe na mwanafunzi wake wa zamani, Shibasaburo Kitasato. Moyo wake ulikuwa umechoka. Alifariki dunia Mei 27, 1910, mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi ya Berlin inayobeba jina lake.

Malale yafika Ruvuma

Mwaka huohuo aliofariki Koch, wataalamu wa Liverpool walitangaza aina nyingine ya malale, iliyotokana na mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, nchi ambayo leo ni Zambia. Iliitwa rhodesiense. Tofauti na ile ya Ziwa Victoria wakati huo, aina hii hukaa kwa wanyama pori na mifugo, na huvamia ubongo wa binadamu kwa wiki au miezi badala ya miaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1910 madaktari wa Kijerumani waliikuta aina hiyo kando ya mto Ruvuma. Baadhi ya wanahistoria wanaeleza kwamba ardhi ya kusini ilikuwa imeandaliwa na binadamu. Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata vilipunguza watu, mashamba yakageuka vichaka, wanyama pori wakaongezeka, na mbung'o wakafuata nyuma yao.

Utawala wa Kiingereza ulirithi tatizo hilo na kulijibu kwa kuwakusanya watu katika makazi ya pamoja ili vichaka vifyekwe. Katika miaka ya 1940 wakazi wengi wa Liwale walihamishwa, na sehemu ya ardhi yao ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Sababu zilizotolewa zilikuwa malale na tembo.

Kupima mahali ugonjwa ulipo

Baada ya Koch, kila hatua ya tiba ya malale ilihusu namna ya kuuvuka ukuta wa ubongo. Dawa ya suramini, iliyopatikana Ujerumani mwaka 1916, iliponya wagonjwa wa hatua ya kwanza lakini haikuingia ubongoni. Kleine ndiye aliyeongoza msafara wa kuijaribu Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Dawa ya Kimarekani ya tripasamidi iliingia ubongoni, lakini nayo ilikuwa na arseniki na iliweza kuharibu macho.

Mwaka 1949 ilikuja melarsoproli, pia ya arseniki. Kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa tegemeo la wagonjwa wa rhodesiense ambao ugonjwa ulikwisha kufika ubongoni. Iliokoa wengi, lakini iliweza kumuua mgonjwa mmoja kati ya 20, na pengine zaidi, kwa kuuvuruga ubongo uleule iliokuja kuuokoa.

Kwa ukali huo, hakuna daktari aliyethubutu kuitoa bila kujua ugonjwa umefika wapi. Kipimo cha Castellani kikawa sheria. Majimaji ya uti wa mgongo yakionekana na vimelea, au na chembechembe nyeupe zaidi ya tano katika kila maikrolita moja, mgonjwa huhesabiwa kuwa katika hatua ya pili. Kwa miaka mingi aliyetibiwa alitakiwa kurudi kuchomwa sindano ya mgongo mara kwa mara hadi miezi 24 ipite, ndipo atangazwe kuwa amepona.

Kwa kuwa sindano hiyo inaumiza na kuogopwa, watafiti walitafuta njia nyingine za kuuchunguza ubongo. Wengine walipima kemikali za uvimbe katika majimaji hayo. Wengine waliwarekodi wagonjwa wa Afrika Magharibi na ya Kati wakiwa wamelala, kwa mashine zinazonasa umeme wa ubongo. Walibaini kwamba mgonjwa wa malale halali kupita kiasi, kama jina la ugonjwa linavyodhaniwa. Usingizi wake hutawanyika mchana na usiku, na mara nyingi huangukia moja kwa moja katika usingizi wa ndoto bila kupitia hatua za mwanzo. Tiba ikifaulu, mpangilio huo hurejea taratibu.

Mabadiliko makubwa yamekuja karibuni. Vidonge vya feksinidazoli, visivyo na arseniki na vinavyofika ubongoni, viliidhinishwa mwaka 2018 kwa malale ya Afrika Magharibi na ya Kati. Baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda, mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika mwongozo wa kutibu aina ya rhodesiense, ambayo ndiyo ya Tanzania. Tangu mwaka 2018, wagonjwa wa malale wanaoripotiwa duniani hawafiki 1,000 kwa mwaka.

Uchache huo una hatari yake. Mhudumu wa afya ambaye hajawahi kumwona mgonjwa wa malale anaweza kuidhani homa hiyo kuwa malaria, au kumdhania mgonjwa aliyebadilika tabia kuwa amerukwa na akili. Anayetoka katika mapori yenye mbung'o, akapata homa isiyosikia dawa ya malaria, kidonda mahali alipoumwa, au usingizi uliogeuka mchana kuwa usiku, anapaswa kueleza alikopita na kuomba damu yake iangaliwe kwa hadubini mapema.

Koch aliufundisha ulimwengu kwamba ugonjwa una kisababishi kinachoonekana, na somo hilo limeokoa mamilioni ya watu. Wagonjwa wa Bugala waliongeza somo la pili kwa gharama ya macho yao: kwamba kutoweka kwa vimelea katika tone la damu si ushahidi kuwa ubongo umepona, na kwamba dozi haiongezwi kabla ya kujua ugonjwa umejificha wapi.